Gego la Vibogoyo

Jumanne saa tatu asubuhi, manowari kubwa kuliko zote za Vibogoyo ilirudi karakanani kwetu ndani ya kijiboksi cha kadibodi. Ilikuwa imevunjika mguu mmoja, na ilikuwa haijaonekana kwa miaka arobaini na miwili.

Aliyeileta ni mama mmoja wa makamo, miwani ya kusomea imening'inia kifuani kwa kamba. Alisimama mlangoni akanitazama juu mpaka chini, kisha akatazama nyuma yangu kana kwamba kuna mwingine amejificha.

"Namtafuta fundi wa meno."

"Ndiye mimi, karibu."

"Nilidhani ni mzee, mwanaume."

"Huyo alikuwa baba yangu. Ametutoka miaka tisa sasa. Siku hizi mzee ni mimi."

Hakucheka. Aliweka boksi juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya mataya mawili ya plasta, akaeleza kwamba mama yake alifariki miezi miwili iliyopita, na katika kupanga vitu vyake wamekuta hili boksi pamoja na karatasi iliyoandikwa: kirudishwe kwa fundi. Marehemu alikuwa mkuu wa shule. Kile kitu kilikaa mezani kwake ofisini miaka yote, kikikandamiza karatasi zisipeperuke, na kila mwanafunzi aliyeitwa kwa makosa alikitazama hicho ili asimtazame yeye machoni.

"Nyumbani tulisema ni stuli ya mwanasesere," aliniambia. "Hasa ni nini?"

Nilifungua kifuniko. Namba ilikuwa bado inasomeka, 317, kwa mwandiko wa baba ulioinamia kushoto. Ndani, juu ya pamba iliyogeuka manjano, lilikuwa Gego.

"Ni manowari," nilisema. "Ya viumbe wa sayari nyingine."

"Aa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeelekezwa njia asiyokusudia kuipita, akaniaga.

Nikakaa. Kazi ya siku ile ilinisubiri mpaka ikachoka, maana Jumamosi kaka yangu alikuwa anakuja kuniaga. Amestaafu upimaji wa ardhi, na binti yake anayeishi mbali, mwendo wa ndege mbili, amemwita akaishi naye. Angefika na basi la saa nne asubuhi na kuondoka na la saa kumi jioni. Ndani ya hizo saa sita ama ningemwambia nilichomfanyia ama ningekufa nacho. Sitii chumvi. Mtu wa miaka hamsini na minane hapandi ndege mbili kurudi kwa sababu dada yake amekumbuka jambo.

Ngoja kwanza nieleze Vibogoyo ni akina nani.

Baba alitengeneza meno ya bandia kwa njia ambayo mimi naitumia mpaka leo. Unachonga ufizi kwa nta, unapanga meno juu yake, unauzika wote ndani ya plasta kwenye kopo zito la shaba. Ukichemsha kopo, nta inayeyuka na kutoka, inabaki nafasi. Kwenye nafasi hiyo unashindilia unga wa rangi ya waridi uliokandwa na maji yake yanayonuka mpaka kwa jirani wa tatu, unachemsha tena, na kopo likipoa unavunja plasta kwa nyundo ili kutoa kazi yako. Kila kitu kinatoka kimoja tu. Nta imekwisha yeyuka, plasta imekwisha vunjika. Ukitaka cha pili uanze upya, na hakitafanana na cha kwanza.

Mabaki ya unga hakuyatupa. Likizo moja ya mvua, kaka na mimi tulikuwa tumeshinda ndani wiki nzima tukigombana, baba akachonga kwa nta kidude kirefu chenye mapezi, akakichemsha pamoja na meno ya mteja, akatuwekea mezani wakati wa chai.

"Hiki kimetoka angani," alisema. "Kimejaa watu wasio na jino hata moja. Wamesikia huku kwetu yapo."

Akarudi kazini, akatuachia sisi kumalizia. Ndivyo Vibogoyo walivyozaliwa. Walitoka sayari ya mbali ambako watu wote wana fizi tupu, na walikuja duniani kutunyang'anya meno. Manowari zao zilifika kumi na moja, zote rangi ya ufizi, zimeng'arishwa mpaka zinateleza mkononi, na hakuna mbili zilizofanana. Za binadamu tulizifinyanga wenyewe kwa plasta nyeupe, na zilivunjika ukizipigia chafya. Dunia yenyewe ilikuwa taya la chini la mteja ambaye hakurudi kuchukua meno yake. Anga lilikuwa pazia jeusi kuukuu. Nyota tulizitia kwa kuchovya mswaki kwenye plasta laini na kurusha matone kwa dole gumba. Nyota kadhaa ziliangukia ukutani, na mama alituonesha moja moja huku ametushika masikio.

Gego lilikuja mwisho. Baba alilichonga kwa siku tatu, akiiba dakika katikati ya kazi za watu. Lilikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtoto, mgongo una mabonde na vilima kama gego la kweli, na chini mizizi minne iliyolisimamisha kama miguu, ambayo kwetu ilikuwa mitambo ya kutoa moto. Ubavuni alilitoboa madirisha kwa sindano, thelathini na mawili, moja kwa kila jino ambalo Vibogoyo hawakuwa nalo. Nililipenda kupita kiasi, na halikuwa langu.

Jeshi la Vibogoyo alilishika kaka, kwa kuwa alizaliwa kwanza na jambo hilo halina rufaa. Baba alimwita Jemadari. Mimi aliniita Kasuku, kwa sababu niliongea tangu naamka mpaka usingizi unaponikata kauli. Nikilikumbuka jina hilo nacheka vibaya, maana jambo moja tu maishani lililonipasa kulisema ndilo nililolinyamazia.

Vita ilichukua likizo nzima na wiki kadhaa za shule. Meza ilikuwa ya kulia chakula, kwa hiyo kila jioni ilibidi anga likunjwe. Kabla ya kulikunja, kaka alipima kila manowari kwa rula kutoka pembe mbili za meza, akaandika kwenye daftari, ili kesho yake kila kitu kirudi pale pale. Alipima mpaka nusu ya sentimita. Watu husema upimaji wake ulianzia hapo, na yeye huwaacha waseme. Lakini kaka hakutaka kupima viwanja vya watu. Alitaka karakana.

Na karakana ilikuwa yake, kila mtu alijua hivyo. Alikuwa na miaka kumi na sita na tayari baba alimwachia kazi ya kung'arisha. Baba alikuwa na mazoea yake: kazi ikiisha, alifumba macho na kuipitishia dole gumba polepole, kila mahali patakapogusa kinywa cha mtu. Alisema mng'ao unamghilibu mtu akiwa macho wazi. Dole likikwama hata kidogo, alitamka neno moja tu, "Bado," na kuirudisha kwenye msasa. Siku nyingine alimpa kaka ile kazi na kusubiri, na kaka akisema bado, baba hakurudia kuishika, alichukua msasa. Mimi niliruhusiwa kufagia.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa zamu ya arobaini na moja. Gego lilikuwa limefika mbele ya Dunia, pua kwa pua na meno ya mbele. Mimi nilibakiwa na manowari moja tu, ya plasta, isiyo na ncha, imejibanza nyuma ya Gego kungojea likosee ili ilipige mgongoni. Kaka alihitaji kurusha dadu mara moja. Namba yoyote isipokuwa moja, Dunia kwisha habari yake.

Mama akaita meza itolewe.

"Kesho," kaka alisema, akajinyoosha mpaka mifupa ikalia. "Kesho, Kasuku, meno yako yote yako mfukoni mwangu." Akacheka.

Kicheko kile kilinichoma. Alipomaliza kupima na kuanza kukunja anga, nilichukua Gego, nikaingia karakanani. Kwenye rafu kulikuwa na maboksi, kila moja na namba yake, yakisubiri kwenda kliniki. Nikainua pamba ya 317, nikalitia Gego chini ya meno ya watu, nikafunika. Nilikusudia alitafute siku moja, ahahe, aniombe, halafu nilitoe. Sikujua kwamba mzee wa baiskeli angekuja kuchukua maboksi nikiwa shuleni. Hapana, niseme kweli: alikuja kila Ijumaa tangu nazaliwa. Nilisahau tu kwamba kesho yake ni Ijumaa.

Mteja wa 317 alikuwa ndiye yule mkuu wa shule. Alifungua boksi palepale kliniki, mbele ya benchi lililojaa wagonjwa, akashika meno yake mkono mmoja na manowari mkono wa pili, akauliza kwa sauti ya uwanjani hiki cha pili anakivaa wapi. Watu wenye mataya yaliyovimba walicheka huku wanalia. Daktari hakucheka. Barua yake ilifika Jumatatu, na baba aliisoma amesimama. Ilisema vinywa vya watu si mahali pa mzaha. Na kuhusu hicho kidude, mgonjwa amekataa kukirudisha, ameondoka nacho.

Baba alimwita kaka. Gego lilikuwa la jeshi lake, na baada ya chakula siku ile ndiye aliyekuwa karakanani akisafisha mashine. Kaka aliapa hakuligusa. Baba hakuwa mtu wa kupiga wala kupayuka. Alimwambia kosa angemsamehe siku hiyo hiyo, lakini anayemdanganya hivi machoni, hawezi kumkabidhi kinywa cha mgonjwa.

"Usivuke tena mlango huu," alisema.

Mimi nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka pale, nimeshika ufagio. Kasuku, kimya.

Siku ya kwanza niliogopa sura ya baba. Wiki ya kwanza niliona siku zimekwisha pita, nitaanzia wapi. Nilingoja kaka akasirike aseme ni mimi, lakini hata hakunidhania. Mwezi wa tatu baba aliniita nimshikie kopo, kisha nimpimie unga, kisha nikakaa kwenye stuli ya kaka. Na niliipenda kazi. Hapo ndipo woga wangu ulipogeuka kuwa kitu kingine. Nilikuwa nimemwibia mtu maisha yake na yalinikaa vizuri.

Kaka alienda kusomea upimaji. Hakumsusia baba, hakununa. Alikuja kila alipopata nafasi, alileta zawadi, alitusaidia kuwazika wazazi wote wawili. Lakini karakanani hakuingia. Alisimama kizingitini, mkono mmoja juu ya fremu ya mlango, akaongea na aliyeko ndani. Hata tulipotoa vitu vya baba baada ya mazishi nilimpitishia mlangoni, naye akavipokea akiwa nje.

Jumamosi alifika saa nne na robo, begi begani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Kasuku. Umenenepa."

"Na wewe umekonda. Tungegawana."

Alizunguka nyumba akigusa vitu: bomba la jikoni ambalo bado linavuja, alama za urefu wetu kwenye mlango wa stoo, meza ya chakula. Kisha akasimama kizingitini pa karakana, mkono juu ya fremu.

"Bado unatumia ile sufuria?"

"Ile ile. Nimeibadilisha mpini tu."

Alivuta pumzi ndefu kwa pua. "Harufu hii," alisema, asimalizie.

Tukala. Nikaongea kama niliyelipwa kwa neno: magoti yangu, paa, jirani aliyeoa tena, daktari mpya wa kliniki anayenipigia simu mara tano kwa jino moja. Kaka alitabasamu na kutafuna. Saa saba ikapita. Saa saba na nusu nilikatisha habari ya jirani katikati ya harusi, nikaenda kuleta boksi, nikaliweka mbele yake.

Alisoma namba kwanza. Mkono wake ukasimama hewani. Kisha akafungua, na uso wake ukawa wa miaka kumi na sita. Nilikuwa nimeusahau kabisa uso ule.

"Limetoka wapi?"

Jibu zuri nilikuwa nalo, tena la kweli tupu: mwenyewe amefariki, mwanawe amelirudisha. Angefurahi, angelitia begini, angepanda ndege zake mbili akinikumbuka kwa wema. Nililitoa hilo jibu lote, na akatikisa kichwa kwa furaha. Halafu nikasikia sauti yangu ikiendelea.

"Kaka, aliyelitia kwenye boksi ni mimi."

Hakuelewa mara moja. Alikuwa anahesabu madirisha kwa ukucha. Ukucha ukasimama.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unanishinda."

Alinitazama muda mrefu. Mtu aliyepima ardhi maisha yake yote anajua kutazama.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Mtoto."

"Ndiyo."

"Na baba alipolala kitanda kile," akaonesha chumba kwa kidole, "mimi nimekaa huku, wewe umekaa huku unampangia dawa, akasema, 'Jemadari, ungekiri tu, yangeisha siku ile.' Siku hiyo ulikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na mitano."

"Basi usiniletee habari za mtoto."

Neno mtoto alilitaja yeye, na ulimi wangu ulivyo ungemjibu hivyo hivyo. Mara hii nikaumeza.

"Amekufa anaamini nilimdanganya," kaka alisema.

"Ndiyo."

"Ndiyo? Ndiyo tu?"

"Sina kingine, kaka. Ningekuwa nacho ningekupa."

Aliinuka, akachukua begi, akatoka nje. Nilisikia viatu vyake barazani, kisha kwenye kokoto, kisha geti likilia. Nikalia, tena sikulia kwa siri, nililia kwa kamasi na kelele mezani pale pale mbele ya lile boksi. Chai ikapoa. Nilijiambia amekwenda, na ana haki, na angalau sasa anajua nani wa kumkasirikia.

Geti lililia tena. Alisimama mlangoni, begi bado begani, macho mekundu.

"Daftari lipo?"

Lilikuwepo, ndani ya kopo la biskuti, pamoja na manowari nyingine kumi za Vibogoyo na dadu lililochongwa na baba kutoka kwenye masalia ya meno. Anga nalo lilikuwepo, limeliwa na nondo, lina nyota nyingi kuliko zamani. Tulilitandika kwenye meza ile ile. Kaka alivaa miwani, akafungua ukurasa wa mwisho, akashika rula. Hakunitazama, na sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu kazini.

"Gego. Kumi na saba na nusu kutoka pembe ya dirisha. Sitini na mbili kutoka pembe ya jikoni."

Nikaliweka. Likaegemea upande kwa kukosa mguu, akalitegemeza kwa kijiti cha kiberiti. Dunia ilikuwa imepoteza meno mawili ya pembeni. Ile manowari yangu isiyo na ncha ilitoka nzima kwenye kopo; plasta nyingine zote zilikuwa zimerudi kuwa unga. Tukaipanga nyuma ya Gego, ilipokuwa.

"Zamu ya arobaini na moja," kaka alisema. "Namba yoyote isipokuwa moja."

Alilitikisa dadu viganjani muda mrefu, akalirusha. Lilibingirika katikati ya nyota, likagonga meno ya mbele ya Dunia, likarudi nyuma kidogo, likatulia.

Moja.

Najua. Dadu la leo si dadu la siku ile, na siku ile lingeweza kutoa sita. Sihitaji kufundishwa hesabu. Lakini tulisimama wawili, watu wazima wenye magoti mabovu, tukiangalia nukta ile moja.

"Ningekosa," kaka alisema. Akaitazama manowari yangu iliyojibanza pale nyuma. "Kasuku, ungenishinda. Ungenishinda bila kuiba kitu."

Akaanza kucheka, kicheko kile kile kilichonichoma, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kilimbadilikia katikati. Nilimshika bega nikitegemea aniondoe, lakini aliniacha, na mabega yake yalitetemeka mkononi mwangu mpaka yakachoka. Hakusema amenisamehe. Sikumwuliza.

Baadaye alijifuta uso, akainua Gego, akaligeuza chini juu.

"Nani kalivunja?"

"Mwanafunzi fulani, nadhani. Alikuwa anaogopa kumtazama mkuu wa shule."

"Haliwezi kukaa hivi."

"Nitalitengeneza Jumatatu."

"Jumatatu mimi sipo hapa."

Akaenda nalo mpaka kizingitini pa karakana, akasimama, mkono juu ya fremu. Mimi nilipita chini ya mkono wake nikaingia. Nikavuta stuli, nikaifuta vumbi la plasta kwa aproni, nikarudi nyuma mpaka ufagio ulipoegemea.

"Aliyekufungia mlango huu ni mimi, kaka," nilisema. "Ingia."

Aliangalia sakafu pale mlangoni kama anayetafuta alama ya mpaka. Kisha akavuka.

Mwanzoni mikono yake ilikuwa mizito. Nta ya kwanza aliivunja, ya pili akaitupa mwenyewe bila kuulizwa. Ya tatu ikaanza kuwa mguu. Alinyoosha kiganja bila kugeuka, nami nikamwekea kijisu kidogo, nilijua ni hicho anachotaka. Nilimwambia siku hizi kuna unga unaoganda wenyewe, dakika kumi, hauhitaji moto.

"Uvivu," alisema. "Bandika sufuria."

Nikabandika. Tukazika Gego na mguu wake wa nta kwenye plasta, tukatoa nta, tukashindilia unga, na ile harufu ikajaa chumba mpaka dirishani. Saa kumi basi lake lilipiga honi barabarani, mara mbili, kwa mtu aliyekata tiketi. Hakuinua kichwa. Ndege yenyewe ilikuwa Jumatano, na kesho yake kuna basi jingine.

Jua lilikuwa limefika kwenye rafu ya maboksi alipovunja plasta. Alisugua, akabadilisha msasa, akasugua tena, akapeleka kwenye mashine ya kung'arisha. Gego likatoka na miguu minne, linang'aa, na mimi kwa macho yangu na miaka yangu yote ya kazi sikuona mguu mpya uliungwa wapi.

"Limekwisha," nilisema.

Kaka alifumba macho, akapitisha dole gumba juu ya mguu ule polepole, kuanzia ncha mpaka kwenye maungio, akarudi, akasimama mahali fulani. Nilishika mpini wa ufagio kwa nguvu.

"Bado," alisema, akanyoosha mkono kuchukua msasa.